Sindano ya Mwisho Imekuwa ya Kwanza, Halafu Eti Sisi Ndio Holela



Leo siandiki kuhusu katiba mpya wala tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu kichupa kidogo chenye kifuniko cha mpira, ndani kina unga mweupe wenye unjano kwa mbali. Wengi wenu mnaosoma hapa mmeshachomwa. Umekwenda na homa, mgongo unauma, ukapimwa mkojo, ukaambiwa una "UTI sugu". Ukaandikiwa sindano tano, moja kila siku. Nesi akachanganya unga na maji, akakuchoma, ukalipa, ukaondoka. Jina la dawa hukuambiwa. Mtaani tunasema tu "zile sindano za siku tano".

Dawa hiyo inaitwa seftriaksoni. Ni dawa nzuri sana, na tuelewane hapo mapema, maana najua wapo watakaosema vijana wa upinzani wanapinga hata sindano. Hatupingi sindano. Tunachopinga ni namna nchi hii inavyoiua dawa hiyo mikononi mwetu, halafu lawama anabebeshwa mwananchi.

Mnaijua ile kampeni ya "Holela-Holela Itakukosti". Ujumbe wake si wa uongo. Usinunue antibayotiki bila cheti, usikatishe dozi, usimpe mwenzako dawa yako. Sawa, nakubaliana na kila neno. Swali langu ni moja tu: hivi katika nchi hii, holela mkubwa ni nani?

Niwape kisa cha nyumbani kwetu.

Mama yangu anaishi kijijini. Alishikwa na homa, kutetemeka, maumivu ubavuni, na mkojo unamchoma. Akapelekwa kituo cha afya, sitakitaja, maana shida yake si ya kituo kimoja. Wahudumu walimpokea vizuri, sina ugomvi nao. Wakampima malaria, hakuna. Wakampima mkojo, wakasema kuna maambukizi. Dawa? Vidonge vilivyoandikwa kwenye mwongozo havikuwepo. Dirisha la dawa lilikuwa na Panadol na ORS. Wakamwandikia sindano, akanunue nje, kwa sababu dukani ndiyo iliyokuwepo.

Mama ana miaka 67. Sera ya afya ya nchi hii inasema mzee asiye na uwezo wa miaka 60 na kuendelea anatibiwa bure. Alichopata bure ni karatasi yenye jina la dawa.

Aliandikiwa sindano tano. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha mbili, na bado kuna maji ya kuchanganyia na bomba. Akachomwa mbili. Siku ya tatu homa ikashuka, akasema "mwanangu, nimepona, hiyo hela nyingine tununue unga". Mimi niko mjini, nikasema alhamdulillahi. Na mimi ni msomi, nimesoma mabango yote ya holela!

Wiki ya tatu homa ikarudi, safari hii hajitambui. Tukamkimbiza hospitali kubwa. Pale wakafanya kitu ambacho hakikufanywa mwanzo: walichukua mkojo wakauotesha maabara, wakaangalia ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi. Majibu yalipotoka, daktari akatuita pembeni. Seftriaksoni kwa mdudu yule ilikuwa kama maji. Ikabidi apewe sindano nyingine, ya ghali mara nyingi zaidi, kila baada ya saa 8. Mdogo wangu aliuza pikipiki yake ya bodaboda. Mama yupo hai, namshukuru Mungu. Pikipiki haijarudi, na mdogo wangu sasa anaendesha ya tajiri.

Sasa niambieni. Katika kisa hicho holela ni nani? Mama aliyekatisha dozi? Au ni ule mfumo uliomnyima kidonge, ukamnyima kipimo, ukamuuzia sindano ya nguvu nusu dozi, halafu ukamwekea bango ukutani?

Tuelewe kwanza kwa nini sindano hii ina thamani, ili tujue tunapoteza nini.

Ukoo wa dawa hizi ulianzia Italia, kisiwani Sardinia. Mwaka 1945 daktari mmoja, Giuseppe Brotzu, alipata kuvu karibu na bomba la majitaka la mji wa Cagliari, kuvu lenye uwezo wa kuua bakteria wa aina nyingi. Kutoka kwenye kuvu lile watafiti walitengeneza dawa kizazi baada ya kizazi. Seftriaksoni ni ya kizazi cha tatu, ilitoka kwenye maabara za kampuni ya Roche na ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi haki ya kuitengeneza si ya kampuni moja tena, viwanda vingi vinaitengeneza, ndiyo maana bei yake imeshuka mpaka imefika kwenye duka la kijijini.

Kazi yake iko hivi. Bakteria ana ukuta unaomzunguka, na kila anapokua na kugawanyika lazima aujenge. Dawa inamzuia fundi anayefunga matofali ya ukuta huo. Ukuta unakuwa dhaifu, bakteria anapasuka, anakufa. Inakaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana mara nyingi unachomwa mara moja tu kwa siku. Inafika mpaka kwenye uti wa mgongo na ubongo vinapovimba. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, mgonjwa ambaye bakteria wameingia kwenye damu, mwenye nimonia kali, mwenye taifodi iliyomlaza kitandani, mwenye kisonono: hao ndio wenye sindano hii. Kwa mgonjwa wa uti wa mgongo, kuchelewa saa chache kunaweza kuwa tofauti ya kupona na kuzikwa.

Lakini haifanyi kila kitu. Haiui virusi. Mafua, kikohozi cha kawaida, homa ya dengue, haihusiki. Haitibu malaria. Na haifai kwa kila mtu: mtoto mchanga mwenye manjano hapewi, na kwa mtoto mchanga ni marufuku kuitumia pamoja na dripu yenye kalsiamu, maana vinaweza kugandiana mwilini. Kwa mtoto mchanga aliyeingiwa na bakteria, dawa za kwanza kwa miongozo ya dunia ni ampisilini na jentamaisini, dawa za zamani na za bei ndogo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibayotiki katika makundi matatu. Kuna za kutumia mwanzo, ambazo zinatakiwa ziwepo kila mahali. Kuna za tahadhari, ambazo zina nguvu lakini zinaleta usugu haraka zikichezewa. Na kuna za akiba, za kufungulia kabati pale zote zimeshindwa. Seftriaksoni iko kundi la pili, la tahadhari. Kwa lugha ya mtaani: si panga la kufyekea majani, ni bunduki ya kulinda nyumba.

Sasa sisi tumefanya nini? Tumeitoa bunduki ndani tukaanza kuwindia panzi.

Usugu unakuja vipi? Bakteria wamo mwilini mwetu mamilioni kwa mamilioni, wengi wako tumboni na hawana ubaya. Sehemu kubwa ya sindano hii inatoka kupitia nyongo, inashuka utumbo mzima. Inaua wanyonge, inaacha wachache wenye "mkasi", yaani kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafika kazini. Hao wachache sasa wana uwanja wote peke yao. Wanazaana. Na baya zaidi, mkasi ule wanaazimana: bakteria wa aina moja anaweza kumpa wa aina nyingine maelekezo ya kuutengeneza. Mgonjwa anatoka wodini na mkasi tumboni, choo ni cha kuchangia, maji ya kunawa hakuna. Kesho unao mtoto wa jirani.

Hii si hadithi ya kuogofya watu. Muhimbili ulifanyika utafiti kwa watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Watoto ambao bakteria wa kundi linaloitwa gramu hasi walionekana kwenye damu yao, walikufa asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walikufa asilimia 20.2. Yaani zaidi ya mara mbili ya malaria, ugonjwa tunaouogopa kuliko yote! Na mojawapo ya mambo yaliyoongeza vifo ni watoto kupewa dawa ambayo bakteria wao walishaizoea. Wenye mkasi walikuwemo tayari wakati huo. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kuna mwanafunzi wa chuo anasoma makala hii ambaye hakuwa amezaliwa.

Utafiti mwingine, huu ulifanyika Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, ukatoka mwaka 2014. Watoto 1,005 wenye homa, chini ya miaka 10, waliofika kutibiwa na kurudi nyumbani, walipimwa kila kitu. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22 tu. Maana yake, mtoto mwenye homa akifika zahanati ambayo kipimo chake ni cha malaria peke yake, ukimchoma antibayotiki kwa kubahatisha, mara nyingi zaidi utakuwa umemchoma bure. Umechukua pesa ya mama yake, umewafundisha bakteria wake mchezo, na virusi wala havina habari.

Tabibu wa zahanati anajua hilo? Wengi wanajua. Lakini mweke pale saa tano usiku, mtoto ana nyuzi joto 39, maabara imefungwa, vidonge vya mwanzo hakuna, gari la wagonjwa halina mafuta, na akikosea mtoto akafa ni yeye atakayeitwa mbele ya mkuu wa wilaya na kamera za televisheni. Wewe ungefanya nini? Ungechoma. Na mimi ningechoma. Huyo tabibu si holela, ametelekezwa.

Mwaka 2019 pekee, watafiti wa dunia walikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27. Kwa idadi ya watu, ukanda ulioumia zaidi ni Afrika Magharibi. Sasa jiulize: ni kwa sababu Waafrika tunatumia antibayotiki nyingi kuliko Wazungu? Hapana! Kwa kichwa, Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa sehemu zinazotumia kidogo kabisa. Tunakufa kwa kukosa dawa sahihi, kukosa kipimo, kukosa maji safi, na kwa dawa za nguvu kutumika pale ambapo dawa ndogo haikuwepo. Ukosefu na ufujaji ni mapacha, wamezaliwa na mama mmoja. Kampeni inayomwonyesha pacha mmoja na kumficha mwingine inatudanganya.

Na mama yao ni nani? Ni bajeti na vipaumbele.

Mwaka 2001 pale Abuja wakuu wa nchi za Afrika, yetu ikiwemo, waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Ni robo karne sasa. Bajeti za miaka hii hazikaribii hapo. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea tulikuwa nao wa 2017 hadi 2022, ukaja mwingine wa 2023 hadi 2028. Karatasi hatuna shida nazo, makamanda. Kila Novemba, tarehe 18 hadi 24, kuna wiki ya uhamasishaji, fulana zinachapwa, hotuba zinasomwa. Wiki ikiisha, dirisha la dawa kule kwa mama yangu linabaki na Panadol na ORS.

Najua watakavyojibu. "Mbona tumejenga zahanati na vituo vya afya?" Kweli, mmejenga, nani anakataa? Majengo tunayaona. Lakini jengo halitibu bakteria. Bakteria hasomi jiwe la msingi. Kituo kisicho na dawa ya mwanzo, kisicho na mtu wa maabara, kisicho na njia ya kupeleka sampuli mahali inapooteshwa, ni nyumba nzuri ya kuandikia watu karatasi za kwenda dukani.

Watasema pia, "tumepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote". Mmepitisha, mwaka 2023. Lakini kadi ya bima mbele ya kabati tupu ni kipande cha plastiki. Na tuwe wakweli kuhusu pesa: kituo kinachojiendesha kwa makusanyo ya dirishani kinapata zaidi kwenye sindano tano kuliko kwenye pakiti ya vidonge. Huhitaji kuwa na nia mbaya ili uvutwe na hesabu hiyo. Unahitaji tu kuwa na mshahara uliochelewa na bili ya umeme.

Sasa niwageukie na sisi wenyewe, maana kunyoosheana vidole peke yake ni siasa za kivivu.

Sisi upinzani tumezoea kusimama jukwaani tukapiga kelele "dawa hakuna!" Watu wanashangilia. Kisha Serikali inaleta maboksi, mkurugenzi anapiga nayo picha, sisi tunanyamaza. Hatuulizi: maboksi ya dawa gani? Kituo kilichojaa seftriaksoni na hakina amoksilini hakijapata dawa, kimepata tatizo jipya. Diwani wetu anayeingia kwenye kikao cha halmashauri na kuuliza "dawa zipo?" atajibiwa "zipo, mheshimiwa", na atakaa chini. Diwani aliyesoma ataomba orodha, dawa moja baada ya nyingine, na siku ngapi kila moja ilikosekana.

Na sisi kama wagonjwa pia tuna letu. Tunaiabudu sindano. Mtu akipewa vidonge anasema "daktari gani huyu, hajanichoma hata sindano". Vijana wanaambizana kwenye magrupu ya WhatsApp, "una UTI? kachome zile tano utapona", kama wanaelekezana chipsi nzuri zinapouzwa. Tuache. Kidonge sahihi hakina aibu. Ukiandikiwa sindano, uliza kwa heshima: inatibu nini, kwa nini sindano na si vidonge, na je, naweza kuoteshwa mkojo au damu kwanza? Ukianza, maliza siku ulizoandikiwa. Na daktari akisema mwanao anaihitaji sasa hivi, usibishane naye kwa sababu ya makala ya mtandaoni, hii yangu ikiwemo. Mtoto achomwe.

Lakini kumwambia maskini "maliza dozi" bila kumhakikishia dozi ni kejeli. Kwa hiyo madai yetu, na nataka kila tawi la vijana liyabebe, ni haya.

Kwanza, dawa za mwanzo zisikosekane zahanati hata siku moja. Amoksilini, ampisilini, jentamaisini, penisilini. Ni dawa za zamani na si za anasa. Kila kituo kibandike ukutani, kila wiki, dawa ipi ipo na ipi imekwisha, mwananchi aone. Ripoti za CAG zimeshaandika zaidi ya mara moja kuhusu madeni ya Bohari ya Dawa na vituo kupata pungufu ya walichoagiza. Deni la bohari linaishia kuwa homa ya mtu kijijini.

Pili, kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na maabara inayootesha vimelea kweli kweli, yenye vitendanishi na watu, siyo chumba chenye kibao mlangoni. Na majibu yasibaki kwenye madaftari. Kila mkoa utangaze mara kwa mara ni dawa zipi bado zinaua na zipi zimeshakuwa maji, ili tabibu wa zahanati asibahatishe gizani.

Tatu, dozi iwe nzima. Mzee, mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano waliosamehewa na sera wapewe dozi yote palepale, sindano ya kwanza hadi ya mwisho. Anayenunua naye asiuziwe mbili kati ya tano na kuachwa aende. Akishindwa, kituo kimalizie, Serikali ilipe. Ni nafuu kuliko dawa ya akiba, na ni nafuu kuliko jeneza.

Nne, ile asilimia 15 ya Abuja. Waliahidi wenyewe, hatukuwalazimisha.

Mwezi ujao kuna vikao vya mabaraza ya madiwani sehemu nyingi. Kazi ya nyumbani kwa kila kamanda: nenda kituo cha afya cha kata yako, bila fujo, bila kumtukana nesi, uliza ni dawa zipi kati ya zile nne zipo leo. Andika tarehe. Rudi baada ya wiki mbili, uliza tena, andika. Mpe diwani karatasi hiyo, awe wetu au wa chama tawala, mama zetu hawaulizwi kadi wanapougua. Akiikataa, isomeni kwenye mkutano wa hadhara.

Mama yangu amenipigia jana. Anasema ubavu hauumi, ila dirisha la dawa ni lilelile. Nikamuuliza bango la holela bado lipo? Akacheka. "Lipo mwanangu, tena wameleta jipya, kubwa zaidi."

Mapambano yanaendelea.